Kuzingatia Si Kusahau

Nianze na ugomvi wenyewe, maana msomaji wa hapa hapendi kuzungushwa. Kuna neno la Kiingereza linalouzwa siku hizi pwani yetu pamoja na mkeka wa yoga, dafu na mandhari ya bahari. Kwa ulimi wetu tunalitamka maindfulnesi. Neno hili limetufikia likiwa limeshamwaga nusu ya maana yake njiani, na sisi tumelipokea hivyo hivyo. Wanaolisifu, wengi wao hawalijui. Wanaolilaani, wengi wao hawalijui pia. Na sisi watu wa vitabu, ambao maneno ndiyo kazi yetu, tumekaa kimya kama vile jambo halituhusu.

Linatuhusu sana. Neno likitafsiriwa vibaya katika riwaya, hasara yake ni sentensi mbaya. Neno hili likitafsiriwa vibaya, kuna mgonjwa anayeambiwa avute pumzi badala ya kupelekwa hospitali, na kuna mfanyakazi anayeambiwa atabasamu badala ya kulipwa. Kwa hiyo leo sihakiki kitabu. Nahakiki neno.

Mimi nakaa Uroa, pwani ya mashariki ya Unguja, ukishapita Chwaka na Marumbi na kabla hujafika Pongwe. Maji yakitoka huku, hutoka kwelikweli. Siku za bamvua unaweza kutembea mbali mno ndani ya bahari na bado maji yapo kwenye vifundo vya miguu. Na saa hizo hizo, pwani ile ile, utaona makundi mawili ya watu. Wa kwanza wamekunja miguu juu ya mikeka mbele ya hoteli, wamefumba macho. Wa pili ni akina mama walioinama majini, wanafunga mwani kwenye kamba. Nimeshasikia zaidi ya mara moja mgeni akimwambia mwenzake kwamba hawa wa pili hawana haja ya kufundishwa, kwa kuwa wao wanaishi katika sasa kwa maumbile yao. Kauli hiyo ndiyo iliyonitia kalamu mkononi, na nitaifikia. Lakini tuanze na neno.

Neno lilikotoka

Mwaka 1881 Mwingereza mmoja, T. W. Rhys Davids, alichapisha tafsiri za maandiko ya Kibuddha kutoka lugha ya Kipali. Mtu huyu alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kule Ceylon, Sri Lanka ya leo, kabla hajageuka mwanachuoni. Katika maandiko yale alikutana na neno sati, na akalipa neno la Kiingereza ambalo ndilo hili tunalogombania leo.

Sasa, sati maana yake ya asili ni nini? Ni kumbukumbu. Ndugu yake katika Kisanskriti ni smriti, na Wahindu wana mkusanyiko mzima wa vitabu unaoitwa kwa jina hilo, yaani yaliyokumbukwa. Mtawa aliyefundishwa sati hakufundishwa kuisahau dunia. Alifundishwa kukumbuka: kwamba sasa anapumua, kwamba hasira imeingia, kwamba mwili huu utakufa na kuoza, kwamba kuna jambo alilolikusudia na asiliache likapotea njiani.

Miaka karibu 100 baadaye, mwaka 1979, Mmarekani Jon Kabat-Zinn, aliyesomea baiolojia ya molekuli, alianzisha mafunzo katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa wagonjwa wenye maumivu sugu, wale ambao madaktari walikuwa wameshafika mwisho wa walichoweza kuwafanyia. Mafunzo hayo yamejulikana kwa wiki zake 8, na mazoezi ya nyumbani ya takriban dakika 45 kila siku. Akayavua mazoezi joho la dini, akayaeleza kwa lugha ya kawaida: ni kuelekeza nadhari kwa makusudi, katika wakati uliopo, bila ya kuhukumu.

Hebu tazama kilichoifika sentensi hiyo fupi. Hoteli ilichukua "wakati uliopo" ikatupa "kwa makusudi". Ofisi ilichukua "bila ya kuhukumu" ikatupa yaliyobaki yote. Na zile wiki 8 zikageuka dakika 10 kwenye simu, halafu zikageuka picha ya mtu kafumba macho mbele ya machweo. Ati machweo! Uroa inatazama mashariki, jamani. Jua huku linachomoza baharini, linatua nyuma yetu kwenye minazi. Hata picha haikuzingatia.

Tuje kwenye Kiswahili. Nimeliona neno hili likitafsiriwa utulivu. Nimeliona likitafsiriwa umakini, ufahamu, utambuzi, hata "amani ya ndani". Utulivu ni matokeo, tena mara nyingine hayaji kabisa. Umakini hautoshi, kwa sababu mwizi anayepenya dirishani usiku ana umakini kutushinda sote. Ufahamu tumeshaupa kazi skuli, kwenye mtihani wa kusoma kifungu na kujibu maswali. Utambuzi ni tendo la mara moja: nimekutambua, basi.

Wakati wote huo lugha yetu ina kuzingatia, na hakuna anayelitaka kwa sababu tumelizoea mno kwenye hotuba za wakubwa. Mama akimwambia mwanawe anayekwenda mjini, "Uyazingatie niliyokwambia," hamwambii atulie, wala hamwambii akodoe macho. Anamwambia: yaweke moyoni, yashike, na ukiyasahau yarudie. Hiyo ndiyo sati. Kiingereza kilihitaji msomi aliyepita Ceylon ili kulipata neno. Sisi tulikuwa nalo kwa bibi zetu. Mimi basi nitasema uzingativu, na anayetaka kubisha na abishe.

Kwamba ni kuitoa akili kila kitu

Dhana ya kwanza potofu, na iliyo kongwe kuliko zote, ni kwamba mtu anakaa chini ili aiache akili tupu kama mtungi uliomwagwa maji. Akikaa dakika 3, likamjia wazo la bili ya umeme, anasema: mie hili siliwezi. Anakunja mkeka.

Akili haimwagwi. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha katika jarida la Science utafiti wa watu waliokuwa wakiulizwa kwa simu, saa yoyote ya siku, wanafanya nini na wanafikiria nini. Karibu asilimia 47 ya mara walizoulizwa, akili zao zilikuwa kwengine kabisa. Hivyo ndivyo tulivyo. Zoezi lenyewe halimo katika kuzuia akili isitoke. Limo katika kugundua kwamba imetoka, na kuirudisha, bila ya kujitukana. Ikitoka mara 100, mazoezi ni 100. Anayedhani ameshindwa kwa sababu akili yake imetoka ni kama anayedhani ameshindwa kupiga makasia kwa sababu kasia limetoka majini.

Kila aliyesoma chuoni analijua jambo hili hata kama hakupewa jina lake. Umefunga sala, na papo hapo unakumbuka ulikouacha ufunguo uliokuwa ukiutafuta tangu asubuhi. Walimu wetu hawakutuambia tusiwe na wasiwasi katika sala, kwa sababu walijua kwamba anayepigana na wasiwasi huongezewa wasiwasi. Walituambia turudi. Neno ni hilo: rudi. Sitaki kusema kwamba mambo haya mawili ni kitu kimoja, huko nitafika. Nasema tu kwamba kwa mtu wa pwani hii hakuna uchawi wa kigeni katika habari ya akili inayotoroka.

Kwamba ni starehe

Dhana ya pili ni ya wenye hoteli na wateja wao: kwamba uzingativu ni starehe, ndugu wa kukandwa mgongo kwa mafuta ya karafuu. Sina ugomvi na kukandwa mgongo. Lakini ukikaa kimya kweli, kitu cha mwanzo kukutokea mara nyingi si raha. Ni goti linalouma. Halafu ni kuchoka na kutaka kuondoka. Halafu yanakuja yale uliyokuwa ukiyakimbia kwa kujishughulisha: deni, msiba ambao hukuulia, maneno uliyomwambia mzazi.

Mwaka 2014 jarida hilo hilo la Science lilichapisha majaribio ya Timothy Wilson na wenzake. Waliwaacha watu peke yao chumbani kwa dakika chache, bila simu wala kitabu, na kitufe cha kujipiga shoti ndogo ya umeme. Wanaume wengi, na wanawake wasiopungua robo, walijipiga shoti wenyewe kuliko kukaa na fikra zao. Sasa wewe muuzie mtu kama huyo kukaa kimya kwa jina la starehe, halafu ashangae kwa nini anajisikia vibaya.

Na wengine hujisikia vibaya zaidi ya hapo. Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown amefanya kazi ya miaka mingi kuwasikiliza watu waliodhurika katika taamuli: waliopandwa na hofu, waliokosa usingizi, walioamshiwa kumbukumbu za mateso ya zamani bila ya kuwa na mtu wa kuwashika. Dawa ya kweli huwa na madhara yake. Kinachosemwa hakina madhara hata kidogo, ama si dawa, au msemaji hajakitazama vizuri.

Kwamba mama wa mwani anaishi sasa hivi

Nimefika kwenye kauli niliyoiahidi.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, huko Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, kisha kikaenea pwani yote ya mashariki hadi kwetu. Wakulima walio wengi ni wanawake. Kazi yenyewe hivi: unapigilia vijiti mchangani, unatandaza kamba, unafunga vipande vya mwani kwa vijikamba vidogo, na baada ya wiki 6 hivi unavuna, unaanika, unauza kwa kilo. Mwani huo husafirishwa nje, na kinachotolewa ndani yake hutiwa katika dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Inawezekana kabisa mgeni aliyefumba macho pale juu amejipaka mwani wa Uroa usoni.

Tumtazame sasa huyu mama anayesemwa kwamba anaishi katika sasa. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku za kazi ni hizo. Kwa hiyo kichwani mwake ana kalenda ya mwezi, na anahesabu wiki mbili mbele. Anajua kamba zipi alizifunga bamvua lililopita na zipi zimeshakaribia kuvunwa. Anajua kwamba ule mwani wenye bei nzuri, cottonii, hauvumilii maji yanayozidi kupata joto, unageuka mweupe na kukatika, na kwamba uliobaki, spinosum, unavumilia lakini bei yake ni ya chini. Anakumbuka mwaka ambao mwani ulikatika wote. Anafikiria ada, unga, na mnunuzi atasema nini safari hii. Mgongo unamuuma.

Huyu haishi sasa hivi. Huyu anaishi jana, leo na kesho kwa mpigo, kwa sababu asipofanya hivyo watoto wake watalala na njaa. Nadhari anayo, tena kali kuliko ya mwalimu yeyote wa yoga, lakini ni nadhari ya kazi. Kusema kwamba ni ya maumbile ni kumnyang'anya ujuzi wake. Mtu aliyesoma miaka 4 akajua kutazama darubini tunasema amesomea. Mtu aliyesoma miaka 20 akajua kutazama maji tunasema kazaliwa hivyo.

Kuna ubaya mwengine ndani yake. Tukishasema kwamba maskini ana amani ya moyo, umaskini wake haututii tena aibu. Unageuka mandhari. Ndiyo maana nakataa pia yale maneno ya "pole pole" na "hakuna matata" yanayochapishwa kwenye fulana na kuhesabiwa kuwa falsafa yetu ya uzingativu. Pole pole ni ushauri wa kutopoteza haraka. "Hakuna matata" ni jawabu anayopewa mgeni na mtu ambaye matata yake ni mengi na hana wakati wa kuyaeleza.

Kwamba ni sala, au ni shirki

Hapa nawageukia watu wetu wenyewe, na najua wapo watakaokasirika.

Kundi moja linasema: hii ni ibada ya masanamu iliyoingizwa kwa mlango wa uani. Kundi hili nalisikiliza, kwa sababu linauliza swali la halali. Chimbuko la mazoezi haya kweli ni Ubuddha, na anayesema kwamba dini haikuwamo kabisa anaficha. Lakini kutoka chimbuko si kubaki huko. Mgonjwa wa mgongo anayefundishwa na muuguzi kuusikiliza mwili wake kuanzia vidole vya mguu hadi utosi haabudu chochote. Fatwa si kazi yangu. Kazi yangu ni kuomba kwamba kinachoharamishwa kijulikane kwanza ni kipi.

Kundi la pili ndilo linalonichosha. Hili linasema: sisi tunayo tangu zamani, Wazungu wamechelewa tu, sala ndiyo maindfulnesi yetu. Linasemwa kwa fahari, na watu hupiga makofi. Mimi nasema kauli hiyo inaidhalilisha sala kuliko ile ya shirki. Anayesali ili ashushe presha amefanya mazoezi ya viungo. Sala ina anayeelekewa. Ukimtoa huyo, kilichobaki ni kuinama na kuinuka.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 na ambaye Ihya yake imesomwa na masheikh wa pwani hii vizazi kwa vizazi, alieleza vitu viwili ambavyo kundi hili huvitaja bila ya kuvitazama. Kimoja ni kuhudhuria kwa moyo katika sala. Cha pili ni muraqaba, pamoja na muhasaba, yaani kujichunga na kujihesabu. Sasa angalia tofauti, maana ni kubwa. Katika uzingativu wa hospitali, mtazamaji ni wewe: unaitazama pumzi, unaitazama hasira, unaliangalia wazo likipita. Katika muraqaba, wewe ndiye unayetazamwa. Mmoja anajifunza kuangalia, mwengine anajifunza kwamba anaangaliwa. Hayo si majina mawili ya kitu kimoja.

Vivyo hivyo zikri. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 tarika ya Kadiriya ilipata nguvu Zanzibar kwa Sheikh Uwais bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909. Aliyewahi kuziona halka za zikri anajua jinsi pumzi na mwili vinavyokwenda pamoja. Lakini muulize yeyote aliyemo: hajaingia pale kupunguza mawazo ya kazini. Ameingia kukumbuka. Zikri maana yake ni ukumbusho.

Na hapo ndipo panapopendeza. Sati ni kukumbuka. Zikri ni kukumbuka. Kuzingatia ni kuweka moyoni usisahau. Mapokeo mawili ambayo hayakubaliani juu ya Mungu, roho wala mwisho wa safari, yamekutana kwenye jambo moja tu: kwamba ugonjwa wa binadamu ni kusahau. Anayetaka kuyalinganisha na aanzie hapo, kisha aseme wazi wapi yanaachana.

Sisi wasomaji tunao ushahidi mkubwa zaidi nyumbani. Mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate alitunga Al-Inkishafi. Shairi zima ni mtu anausemesha moyo wake mwenyewe, anauzindua, anauonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na watu na sasa yamebaki magofu. Sijui shairi jengine la Kiswahili linalotazama kwa makini namna ile. Lakini mshairi hakai katika sasa. Anatazama yaliyopita na kaburi lililo mbele, na kwa hayo mawili anauamsha moyo leo. Mpe mwalimu wa machweo shairi hilo, atakwambia lina huzuni mno. Hukumu hiyo inatosha kukuonyesha alichokipoteza.

Kwamba inatibu kila kitu, hata mshahara

Isije mtu akadhani nasema mazoezi haya hayana faida. Faida ipo, na ina kipimo. Mwaka 2014 jarida la tiba JAMA Internal Medicine lilichapisha uchambuzi wa majaribio 47 yenye watu 3,515: programu za uzingativu zilisaidia kwa kiasi kidogo hadi cha wastani katika wasiwasi, sonona na maumivu, na hapakuwa na ushahidi kwamba zinashinda tiba nyingine kama dawa au mazoezi ya mwili. Uingereza, mwaka 2004, mwongozo wa tiba wa taifa uliyapendekeza mafunzo ya aina hii kwa watu ambao sonona ilikuwa imewashika mara 3 au zaidi. Lakini yalipopelekwa kwa watoto wote skuli, katika utafiti mkubwa uliotoka 2022, wenye wanafunzi zaidi ya 8,000 na shule 85, hayakuonyesha faida kuliko masomo ya kawaida ya tabia na hisia.

Kwa hiyo ni kitu kinachowafaa baadhi ya watu, kwa baadhi ya maradhi, kikifundishwa na anayejua. Sentensi hiyo haiuzi chumba cha hoteli, lakini ndiyo ya kweli.

Nimemwona jirani yangu aliyejifungua akabaki hali wala halali, hamtazami mtoto. Akina shoga zake walimwambia avute pumzi, afikirie mazuri, wamelisikia kwenye simu. Mama mkwe akamwambia azidishe uradi. Wote walimpenda, na wote walimchelewesha. Ugonjwa una mahala pake: kuna kituo cha afya, na kwa yaliyozidi kuna Hospitali ya Kidongo Chekundu, ambayo watu wetu wanaiogopa kwa jina tu mpaka mgonjwa anaharibika. Pumzi haijawahi kukatazwa kule hospitali. Mtu anaweza kumeza dawa huku anapumua na huku anaomba dua.

Na la mwisho ni hili. Mwaka juzi nililetewa karatasi niitafsiri, ya kubandikwa kwenye chumba cha wafanyakazi katika hoteli moja ya pwani hii. Iliwataka wafanyakazi wazingatie pumzi zao, wayaache mawazo yao mlangoni, na wasihukumu yanayowafika. Nilikuwa najua, kama kijiji kizima kilivyojua, kwamba mishahara ya miezi miwili ilikuwa haijatoka. Niliirudisha karatasi bila kuitafsiri, nikamwambia aliyeileta: "Kaka, hii sentensi ya tatu kwa Kiswahili inasomeka 'nyamazeni'. Mnataka niandike hivyo?" Hakunijibu, na karatasi sikuiona tena.

Msomi wa Marekani Ronald Purser aliandika kitabu kizima mwaka 2019 kuhusu biashara hii, akakipa jina la mzaha linaloufananisha uzingativu na mkate wa nyama wa McDonald's. Hoja yake ni kwamba chanzo cha dhiki kikiwa kazini, na dawa ikatafutwa ndani ya kifua cha mfanyakazi, mwajiri ameshasamehewa. Nakubaliana naye, na naongeza la kwetu: kutohukumu katika zoezi ni kwa dakika zile tu, ili ukione kitu kilivyo kabla hujakirukia. Ukishakiona, hukumu. Hasira iliyotazamwa vizuri haipungui ukweli wake. Mfanyakazi aliyevuta pumzi na kutulia anaweza akahesabu siku anazodai kwa usahihi zaidi, na akaziandika.

Basi tufanyeje

Watafsiri, liacheni utulivu, liacheni "amani ya ndani". Andikeni kuzingatia na uzingativu, na mtu akiuliza ni nini, mwambieni ni kukumbuka kwa makusudi. Walimu wa yoga, wambieni wateja wenu kwamba goti litauma, kwamba wengine watalia, na kwamba aliyeumizwa zamani aanze kwa mtaalamu. Na wakitaka picha ya wanawake wa mwani, waulize kwanza bei ya kilo moja. Masheikh, tufundisheni upya khushuu kwa jina lake, msituachie tuikodi kutoka kwa watu wa simu. Na wewe msomaji, usichukue neno zuri kwa sababu limekuja limevaa vizuri.

Anayekuuzia kusahau, mlipe kama unavyolipa starehe nyingine yoyote, uende zako. Lakini asiliite kuzingatia. Hilo ni neno la watu wanaokumbuka, na bado lina kazi.